Chembe nyeupe zilimwaga nyavu: kwa nini basi ndama wangu alikufa?

*Daktari, shikamoo. Nafuga ng'ombe wa maziwa huku Njombe, wakubwa wanne na ndama watatu. Mwezi uliopita, mvua na baridi vilipokutana, ndama dume wa miezi mitatu alianza kukohoa na kutoa kamasi jepesi. Siku ya tatu alikuwa anapumua kwa mdomo wazi, shingo ameinyoosha. Nilimchoma OTC, ile antibiotiki ya sindano, mwenyewe siku mbili, akafa. Daktari wa mifugo alimpasua, akanionesha vitu vyeupe vinavyonata kama ute ndani ya mirija ya mapafu. Akasema inaelekea ni virusi, na kwamba chembe nyeupe za damu "zilimwaga nyavu" ili kuvikamata, na nyavu hizo ndizo zilizoziba njia ya hewa. Mimi tangu shuleni najua chembe nyeupe humeza vijidudu. Hizi nyavu zinatoka wapi? Inakuwaje askari wa mwili amuue mwenye mwili? Jirani anawanywesha wake maji ya alovera na kitunguu saumu ili kuongeza chembe nyeupe. Nami niwafanyie hivyo wawili waliobaki? Mmoja ameanza kukohoa juzi. Na kama ni virusi, OTC niliyochoma ilikuwa ya nini?*

Marahaba, ndugu mfugaji, na pole kwa ndama wako. Swali lako linastahili jibu refu, lakini yule anayekohoa hawezi kusubiri tumalize kusoma, kwa hiyo tuanze naye. Usimnyweshe kitu chochote kwa chupa: si alovera, si kitunguu saumu, hata maji matupu usimlazimishe. Ndama anayehema hawezi kupanga vizuri kumeza na kupumua, na kinachomiminwa kooni kwa nguvu huishia mapafuni. Nimewahi kupasua ndama ambao pengine wangepona ugonjwa wenyewe, nikakuta majani yaliyopondwa yamelala ndani ya mirija ya hewa. Mpime joto jioni hii kwa kipimajoto cha njia ya haja kubwa. Ndama mzima huwa kati ya nyuzi 38.5 na 39.5. Kisha simama pembeni bila kumshtua, tazama ubavu wake, na uhesabu pumzi kwa dakika nzima. Akiwa ametulia, ndama mzima hupumua mara 24 hadi 36 hivi. Pumzi zikipita 40, au joto likipita 39.5, mpigie daktari usiku huohuo wala usingoje kuona kama ataamka nafuu.

Sasa tuje kwenye nyavu. Ninavyokuelewa, linalokusumbua si neno geni tu, bali ni kwamba maelezo uliyopewa yanaonekana kupingana: ulinzi uleule unatajwa kuwa ndio uliomuua ndama. Daktari wako hakukosea. Kuna jambo moja tu katika maneno yake ambalo nitalirekebisha kidogo huko mbele, na hata hilo naamini alilifupisha kwa sababu alikuwa amesimama juu ya mzoga na kisu mkononi, hapakuwa mahali pa kutolea somo.

Ulichofundishwa shuleni nacho ni kweli. Mwaka 1882, huko Messina nchini Italia, mwanabiolojia Ilya Metchnikoff alichoma miiba midogo ndani ya mabuu ya kiti cha pweza, ambayo miili yake hupitisha mwanga, na kesho yake akakuta seli zinazotambaa zimeizunguka miiba hiyo. Kutokana na kazi iliyofuata tukapata elimu ya seli zinazomeza vijidudu, na Metchnikoff akapewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1908 pamoja na Paul Ehrlich. Picha hiyo ya kumeza ikakaa vitabuni zaidi ya miaka mia moja. Ilikuwa mwaka 2004 ndipo Volker Brinkmann, Arturo Zychlinsky na wenzao, katika Taasisi ya Max Planck ya Biolojia ya Maambukizi mjini Berlin, walipoeleza kwamba aina mojawapo ya chembe nyeupe, nyutrofili, ina silaha nyingine: hutoa nje uzi wake wa DNA na kuutandaza kama wavu, na bakteria hunaswa humo. Kwa hiyo ikiwa mwalimu wako hakukutajia nyavu, hakukunyima kitu, maana vitabu vyake havikuwa nazo.

Wewe ni mfugaji wa maziwa, kwa hiyo uzi huo umekwisha kuuona kwa macho yako, ila hukuambiwa kwamba ndio wenyewe. Kumbuka kile kibao cha plastiki chenye vikombe vinne tunachotumia kupimia ugonjwa wa kiwele. Unakamulia maziwa kidogo katika kila kikombe, unamimina dawa ya zambarau, unazungusha. Kikombe cha chuchu nzima hubaki chepesi kama maji. Cha chuchu yenye ugonjwa huganda, kikawa kama ute wa yai, na ukikiinamisha unateleza wote kwa pamoja na kuacha mkia mrefu. Dawa ile ni aina ya sabuni. Huyeyusha utando wa chembe nyeupe zilizokimbilia kwenye kiwele, DNA iliyokuwa imekunjwa ndani hufunguka, na nyuzi zake zikisukana na protini hugeuza maziwa kuwa ute. Chembe moja ina upana wa kama sehemu moja ya mia ya milimita, ilhali uzi uliomo ndani yake ukinyooshwa unakaribia mita 2. Kwenye kile kikombe sisi ndio tuliozipasua chembe kwa sabuni. Katika pafu la ndama, chembe zilijipasua zenyewe.

Hujipasuaje? Nyutrofili huzaliwa kwenye uboho wa mifupa, huzunguka katika damu kwa saa chache tu, kisha hupenya ukuta wa mishipa na kuelekea mahali panapoita. Ndani yake mna vifuko vilivyojaa vimeng'enya na kemikali za kuulia vijidudu, na katikati mna kiini kilichogawanyika vipande vilivyoshikana kama shanga za uzi mmoja. DNA ya kiini haikai ovyo. Imezungushwa juu ya protini ziitwazo histoni, kama fundi cherehani anavyozungusha uzi kwenye bobini. Nyutrofili ikipata kichocheo cha kutosha huanza kuzalisha kemikali kali za oksijeni, vifuko hulegea, na vimeng'enya kama elastasi huacha vifuko na kuhamia kwenye kiini. Kimeng'enya kingine, PAD4, huzipunguzia histoni ile chaji chanya inayozishikamanisha na uzi, na bobini zinaanza kufumuka. Kiini huvimba, kuta zake huyeyuka, uzi huchanganyika na yaliyomo ndani ya chembe, na mwishowe utando wa nje hupasuka na kila kitu kumwagika. Mchakato huu huchukua saa 2 hadi 4 hivi, na chembe hufa. Kuna njia ya haraka zaidi, iliyoonekana hasa katika maambukizi ya bakteria, ambapo chembe hutema uzi wake kwa dakika chache kisha huendelea kutambaa na kumeza ikiwa haina kiini. Mara ya kwanza kusoma habari hiyo nilidhani ni makosa ya uchapaji.

Kinachotandazwa, basi, si uzi mtupu. Ni uzi uliopakwa histoni, elastasi na sumu nyingine za ile chembe, kama jarife lililochovywa utomvu wa utupa. Histoni zina chaji chanya, na maganda ya virusi vingi kwa jumla yana chaji hasi, kwa hiyo kirusi kinachopita karibu huvutwa na kushikamana. Matundu ya wavu yanaweza kuwa makubwa kuliko kirusi na bado kirusi kikanaswa, kwa sababu kinachokishika ni mnato, ukubwa wa tundu hauna neno. Kirusi kilichonata hakiwezi kufika kwenye seli nyingine ya kuambukiza, na hapo ndipo penye faida yote.

Lakini virusi huichocheaje nyutrofili? Kwa njia kadhaa, nami nitazitaja kwa ufupi. Nyutrofili ina vipokezi vinavyotambua maumbile ya kirusi: vingine hushika protini za ganda lake, vingine huhisi nyuzi za RNA yake. Seli za njia ya hewa zilizokwisha kuambukizwa nazo hupiga yowe la kikemikali linaloita nyutrofili kwa maelfu. Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, nazo huweza kujishikiza kwenye nyutrofili na kuisukuma imwage wavu.

Kwamba wavu huu unamsaidia mnyama mwenye virusi si nadharia tupu. Mwaka 2013 watafiti wa Calgary, Kanada, waliwaambukiza panya virusi vya miksoma, ambavyo ni jamaa wa virusi vya ndui na kwa asili huua sungura, kisha wakatazama maini ya panya hao wakiwa hai chini ya darubini. Nyutrofili zilitandaza nyavu ndani ya mishipa midogo ya ini. Watafiti walipoziyeyusha nyavu hizo kwa kimeng'enya kinachokata DNA, seli za ini zilizoambukizwa ziliongezeka. Wavu ulikuwa unalinda.

Hata hivyo, usidhani wavu ndio unaomponya mnyama virusi. Wavu hukamata kirusi kilicho nje, kinachosafiri kutoka seli moja kwenda nyingine. Kilichokwisha kuingia ndani ya seli kimejifungia, hakuna wavu wa kukifuata. Huko huhitajika interferoni, ambazo huziamuru seli jirani zifunge milango, huhitajika limfosaiti, aina nyingine ya chembe nyeupe, zinazoua seli zilizoambukizwa, na huhitajika kingamwili. Nyutrofili ni mgambo wa kwanza kufika, akifunga njia wakati jeshi lenyewe bado linajipanga, na jeshi hilo huchukua siku kadhaa. Ndama wako alikufa mapema mno, pengine ndiyo kwanza lilikuwa linaanza kufika.

Sasa nije kwenye lile linalouma. Wavu haubagui. Walioishi kando ya Ziwa Victoria wanalijua kokoro, wavu wa kukokota uliopigwa marufuku kwa sababu hukomba sangara, vifaranga, mayai na majani ya chini kwa pamoja. Nyavu za nyutrofili nazo ni za namna hiyo. Histoni zinazong'ang'ania ganda la kirusi hutoboa pia utando wa seli za mnyama mwenyewe, na elastasi, ambayo kazi yake ni kukata protini, hukata protini za ukuta wa pafu ileile. Mahali palipo wazi kama kwenye ngozi, hasara hiyo ni ndogo na mwili huisafisha: mwilini mna kimeng'enya cha kukata DNA, na makrofaji, chembe nyingine za kinga, hupita kumeza mabaki. Ndani ya kijirija cha hewa chembamba kama uzi wa kushonea, nyavu zikimwagwa haraka kuliko zinavyosafishwa, zikachanganyika na kamasi, seli zilizokufa na majimaji ya uvimbe, hutengeneza kizibo.

Na ng'ombe, kwa bahati mbaya, ameumbwa vibaya kwa jambo hili. Pafu lake ni dogo ukililinganisha na mwili wake, na limegawanywa katika vyumba vingi kwa kuta nene. Mbwa akizibwa kijirija kimoja, hewa huzunguka ikapata mlango wa pembeni kutoka sehemu jirani. Kwa ng'ombe milango hiyo ya pembeni karibu haipo: kijirija kikizibwa, chumba chote cha nyuma yake kimepotea. Ndama mchanga, mwenye vijirija vyembamba zaidi, hupoteza vyumba vingi kwa kamasi kidogo.

Jambo hili limetazamwa kwa ndama hasa. Miongoni mwa virusi vinavyoshambulia mapafu yao ni vile vinavyounganisha seli za njia ya hewa, ambavyo maabara huviandika BRSV. Vilitambuliwa kwa ng'ombe mara ya kwanza Uswisi mwaka 1970, na ni ndugu wa karibu wa virusi vinavyowalaza hospitalini watoto wachanga wa binadamu wenye shida ya kupumua. Kwa ajili ya ukaribu huo, watafiti waliokuwa wakiwashughulikia watoto waliwageukia ndama, na mwaka 2016 wakachapisha walichokiona. Katika vyombo vya maabara nyavu zilinasa virusi na kupunguza maambukizi ya seli. Katika mapafu ya ndama wenye ugonjwa mkali, nyavu zilijaa kwenye vifuko vya hewa, na kwenye mirija zilikuwa sehemu ya vizibo vya kamasi. Yote mawili yamo katika utafiti mmoja: wavu unaokamata adui, na wavu unaoziba mlango. Ndiyo maana nimesema maneno ya daktari wako hayapingani.

Rekebisho nililoahidi ni hili. Vitu vyeupe ulivyooneshwa si nyavu tupu. Wavu mmoja hauonekani kwa macho. Ili kuuona huna budi kuupaka rangi ya kung'arisha DNA na kuutazama kwa darubini. Ulichokiona ni kamasi, fibrini (nyuzi za protini zinazogandisha damu), seli zilizobanduka kwenye kuta na nyutrofili zilizokufa, vyote vimefungwa pamoja na DNA. Kile kinachofanya kohozi livutike na kukataa kutoka mtu akikohoa, kwa sehemu kubwa, ni huo uzi. Jingine ni kwamba kwa macho peke yake hakuna anayeweza kuapa kwamba ilikuwa BRSV. Zipo dalili zinazoielekea: sehemu za mbele na za chini za pafu kuwa ngumu na nyekundu kama ini, na sehemu za juu nyuma kuvimba kwa hewa iliyonaswa, wakati mwingine hewa hiyo ikapenya hadi chini ya ngozi ya mgongo, ukiigusa inalia kama karatasi kavu. Kama daktari aliona hayo, dhana yake ina uzito. Lakini virusi vya IBR (ugonjwa wa pua na koo la hewa wa ng'ombe), vya parainfluenza aina ya 3 na vya kuhara kwa ng'ombe navyo hucheza katika uwanja huohuo, na uthibitisho hutoka maabara.

Kuhusu kuongeza chembe nyeupe, hapa naomba nikukatalie kwa upole lakini kwa uthabiti, wewe na jirani yako. Ndama wako hakufa kwa uchache wa chembe nyeupe. Zilikuwapo, na nyingi mno, mahali pembamba mno. Hata kama ingekuwapo dawa ya kuziongeza, kumpa ndama mwenye mirija iliyoanza kuziba ni kuongeza nyavu mtoni wakati mto umekwisha kuziba. Kitunguu saumu na alovera sijaona ushahidi wa kuaminika kwamba vinamponya ndama ugonjwa wa mapafu wa virusi, na hatari ya kumnywesha nimekwisha kuieleza. Tena hata kipimo cha damu kinaweza kukupotosha ukikisoma peke yako. Tofauti na binadamu au mbwa, ng'ombe mzima ana limfosaiti nyingi kuliko nyutrofili katika damu, na akiba yake kwenye uboho ni ndogo. Uvimbe mkali ukianza ghafla, nyutrofili huhama zote kwenda kwenye kidonda na damu ikaonekana imepungukiwa. Mtu asiyejua atasema kinga imeshuka, kumbe zimejaa pafuni.

Huenda ukajiuliza kwa nini tusitumie kimeng'enya cha kukata DNA kuyeyusha vizibo. Wazo hilo si la kijinga. Dawa ya namna hiyo ipo kwa binadamu, na huvutwa kama mvuke na wagonjwa wa saistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi wa makohozi mazito, ili kulainisha makohozi yao. Lakini ilipojaribiwa kwa watoto wachanga waliolazwa kwa virusi ndugu wa hivi vya ndama, haikuwafupishia siku za kukaa hospitalini. Mwili una vizibo vya vitu vingi, na kukata uzi mmoja hakufungui mlango wote. Kwa ndama wa bandani si tiba ya kuifikiria leo.

Tunafika kwenye OTC yako. Hukufanya upuuzi, ila ulifanya nusu ya kazi, na ukaifanya bila kujua ni nusu. Antibiotiki haiui virusi. Lakini njia ya hewa iliyochunwa na virusi hupoteza vile vinyweleo vinavyofagia uchafu, na bakteria waliokuwa wakiishi puani kwa amani, Pasteurella na Mannheimia, hushuka chini. Mannheimia ina sumu inayolenga chembe nyeupe za ng'ombe hasa, na watafiti wa Wisconsin, Marekani, walionesha mwaka 2010 kwamba sumu hiyo huzifanya nyutrofili za ng'ombe zimwage nyavu. Unaona jinsi mambo yanavyopandiana: virusi vimefungua mlango, bakteria wameingia, na kila mmoja anachochea nyavu zaidi juu ya zile zilizopo. Kwa hiyo antibiotiki ina nafasi yake, lakini aina yake, kipimo kwa uzito wa ndama na idadi ya siku ni vya daktari kuamua, na siku mbili kwa kawaida hazitoshi isipokuwa kwa dawa maalumu ya kukaa mwilini muda mrefu. Kama umewahi kumchoma ng'ombe anayekamuliwa, unajua pia kwamba kuna siku za kusubiri kabla ya maziwa kuuzwa. Tafadhali uzihesabu kama zilivyoandikwa kwenye chupa.

Nusu ya pili, ambayo wengi huiacha, ni dawa ya kutuliza uvimbe na homa isiyo ya jamii ya steroidi, kama meloksikamu au fluniksini. Hii haiwagusi virusi wala bakteria. Inapunguza ule wito unaoita nyutrofili kupita kiasi, inamshusha homa, na ndama hurudi kunyonya. Kwa maoni yangu, kwa ndama mwenye virusi vya mapafu, sindano hii ikichomwa mapema ina thamani kama antibiotiki yenyewe. Apewe ndama anayenyonya au aliyewekewa maji ya kutosha, kwa kuwa dawa hizi huweza kuumiza figo na tumbo la mnyama aliyekaukiwa. Deksamethasoni, ambayo ni steroidi, ni jambo jingine. Inauzwa kila duka la pembejeo na huleta nafuu ya kushangaza kwa siku moja, lakini inafunga mikono ya kinga yote, pamoja na ile limfosaiti tunayoingoja, na ng'ombe mwenye mimba kubwa inaweza kumtupisha. Usiichome bila daktari kusimama hapo.

Kwa huyu anayekohoa sasa, thamani kubwa ya daktari kufika mapema ni sampuli. Virusi hupatikana kwa urahisi puani na kooni katika siku za mwanzo za ugonjwa. Wiki ikipita, maabara inaweza isivione ingawa ndivyo vilivyoanzisha yote. Pamba ya puani iwekwe kwenye barafu mara moja isafirishwe. Damu kwa ajili ya kuhesabu chembe iingie kwenye mrija wenye kifuniko cha zambarau, ipoozwe lakini isigandishwe, maana chembe zikigandishwa hupasuka na hakuna cha kuhesabu. Mtenge ndama huyo na mwenzake mzima, umhudumie mzima kwanza ndipo uje kwa mgonjwa, na ndoo zao zisichanganywe. Wewe na familia yako hamna haja ya kuogopa BRSV, kwani ni vya ng'ombe.

Yako magonjwa mengine ya kuogopa kwa kweli, na hapa nitakuwa mkali. Ulifanya vizuri kumwacha daktari ampasue ndama. Mnyama akifa ghafla, akatokwa damu nyeusi isiyoganda puani, mdomoni au nyuma, usimguse kwa kisu na usiruhusu mtu achukue nyama, kwa sababu inaweza kuwa kimeta. Ng'ombe wakitupa mimba wengi kwa pamoja baada ya mvua kubwa na ndama wachanga wakafa, toa taarifa siku hiyohiyo kwa afisa mifugo, kwa sababu homa ya Bonde la Ufa huanza hivyo, na hiyo humwingia binadamu.

Banda nalo nina neno. Najua Njombe ni baridi, na mfugaji mwenye huruma huziba kuta kwa maturubai hadi upepo usipite. Inama hadi kimo cha pua ya ndama, uvute pumzi mahali pale alipolala. Ukisikia harufu kali ya mkojo inayochoma macho, hiyo ni amonia, na inachuna vile vinyweleo vya njia ya hewa kabla virusi havijafika. Ziba upande wa chini unaompiga ndama, acha wazi sehemu ya juu chini ya paa, badilisha matandiko yakilowa. Na kwa ndama watakaozaliwa, dang'a ya mama lita 3 hadi 4 ndani ya saa 6 za kwanza, kwa sababu baada ya siku moja utumbo hufunga mlango na kingamwili hazipiti tena. Kingamwili za dang'a hazimzuii ndama kuambukizwa BRSV moja kwa moja, lakini hupunguza ukali wa ugonjwa. Muulize pia daktari wako ni chanjo zipi za magonjwa haya ya mapafu zilizosajiliwa na zinazopatikana kwenu, na zichomwe lini kabla ya msimu wa baridi.

Kwa usiku wa leo, ziandike zile pumzi na lile joto kwenye karatasi pamoja na saa uliyopima, upime tena alfajiri kabla hajasumbuliwa na maziwa. Daktari akifika, mpe karatasi hiyo kabla hujamwambia neno lingine. Ukimkuta ndama ameinyoosha shingo na kufungua mdomo kama yule wa kwanza, hapo usihesabu tena: mpigie, mweke akiwa amelalia kifua na si ubavu, na usimkimbize.